Somo la Kompyuta: Orodha ya Yaliyomo Inayompeleka Msomaji Kwenye Ukurasa Wake

Mzee mmoja alisimama katika kikao cha kuchangia mpango wa maendeleo akiwa na simu mkononi. Alikuwa ametumiwa waraka wote kwa WhatsApp usiku uliotangulia. Akauliza, "Wadi yetu iko ukurasa wa ngapi?" Waraka ule nilikuwa nimeuandaa mimi, enzi hizo nikifanya kazi katika ofisi ambayo sitaitaja. Nikatazama orodha ya yaliyomo niliyoiandika mwenyewe, nikamjibu bila wasiwasi, "Ukurasa wa 61, mzee." Akasukuma kwa kidole, akasukuma, watu wakingoja. Kisha akasema, "Kijana, hapa kuna habari za chanjo ya ng'ombe." Ukumbi ukacheka. Mimi sikucheka.

Tulipoupata ukurasa wenyewe, nambari 66, dakika zake za kuchangia zilikuwa zimekwisha na mwenyekiti alikuwa ameshampa mtu mwingine nafasi. Mzee alikuwa amekuja kuuliza kuhusu kisima. Swali la kisima halikuulizwa siku hiyo.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo. Nilikuwa nimeandika orodha ya yaliyomo kwa mkono, mstari kwa mstari, nikibonyeza kitufe cha nukta mpaka ukingoni mwa ukurasa, kisha nikiweka nambari. Jioni ya kuamkia kikao, kamati ikaongeza ramani mbili na jedwali refu kule mwanzoni. Kurasa zikasukumana kwenda mbele. Orodha yangu ikabaki palepale, kwa sababu kwa kompyuta ilikuwa maandishi tu kama maandishi mengine yote.

Katika somo hili tutatengeneza orodha ya yaliyomo ambayo kompyuta yenyewe inaijaza, inairekebisha kurasa zinapoongezeka, na ambayo msomaji akibofya au kugusa mstari wake anapelekwa moja kwa moja kwenye sehemu anayoitaka. Linawahusu makarani wa ofisi za wadi, makatibu wa vikundi na wa kamati za fuo za uvuvi, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rongo na Chuo Kikuu cha Tom Mboya wanaoandika tasnifu, na zaidi ya wote vijana wa saiba wanaochapa kazi za watu wengine. Ukijifunza mara moja, ni kazi ya dakika tano.

Kwa nini jambo hili linakuhusu

Katiba ya Kenya, katika kifungu cha 201, inataka mambo ya fedha za umma yaendeshwe kwa uwazi na kwa ushiriki wa wananchi. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 imeweka siku: mpango wa maendeleo wa mwaka uwe umefika katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, waraka wa mkakati wa fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Kila waraka kati ya hizo ni mrefu, na mwananchi hupewa muda mfupi wa kuusoma kabla ya kuitwa kutoa maoni.

Sasa mfikirie mvuvi wa Muhuru au mama mkulima wa Ntimaru. Simu yake ina kioo kidogo, pengine kimepasuka. Ana bando la leo tu. Mpango jumuishi wa maendeleo wa kaunti, ule wa miaka mitano unaokwenda 2023 hadi 2027, una sura sita na kurasa nyingi sana. Anachokitafuta yeye ni mistari kumi inayotaja wadi yake. Waraka usio na njia ya kumfikisha pale ni sawa na kumwambia mtu kwamba mlango uko wazi huku umemzimia taa.

Kompyuta haitambui kichwa kwa unene wa maandishi

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo tukae kidogo.

Tunapotaka kuandika kichwa cha sura, wengi wetu huandika maneno, tukayakoleza, tukayaongeza ukubwa, labda tukayapigia mstari chini. Kwa jicho la binadamu kimekuwa kichwa. Kwa kompyuta, hayo ni maneno ya kawaida yaliyonenepa.

Chukua mfano wa shule. Mwanafunzi mrefu kuliko wenzake si lazima awe kiranja. Mgeni akiingia shuleni anaweza kumdhania, lakini mwalimu akiita viranja waje ofisini, anayekuja ni yule aliyeandikwa kwenye daftari, hata akiwa mfupi. Kompyuta nayo ina daftari lake. Unapoiambia "nitengenezee orodha ya yaliyomo," haiangalii maneno marefu wala manene. Inaangalia ni maneno gani yaliandikishwa kuwa vichwa. Kama hukuandikisha hata kimoja, itakujibu kwamba haijaona kichwa chochote, na wewe utaona vichwa ishirini mbele ya macho yako, ukaanza kuilaumu mashine.

Kuandikisha huko kunafanywa kwa mitindo ya vichwa. Kwenye kioo mitindo hiyo imeandikwa kwa Kiingereza: "Heading 1" ni kichwa kikubwa cha sura, "Heading 2" ni kichwa kidogo ndani ya sura, "Heading 3" ni kidogo zaidi ndani ya hicho. Maandishi ya kawaida huitwa "Normal" katika Microsoft Word. Ukielewa ngazi hizi tatu, umemaliza nusu ya somo.

Ngazi tatu kwa mfano wa wadi

Tuseme unachapa waraka unaoeleza miradi ya wadi zote. Migori ina kaunti ndogo 8 na wadi 40. Homa Bay vilevile ina kaunti ndogo 8 na wadi 40, kwa hiyo mfano mmoja unatutosha sote.

Sura yenyewe, "Miradi ya Wadi", ni ngazi ya kwanza. Chini yake, jina la kila kaunti ndogo ni ngazi ya pili: Rongo, Awendo, Uriri, Nyatike na kuendelea, au kwa majirani zetu Kasipul, Rangwe, Ndhiwa, Suba Kaskazini na kuendelea. Chini ya kila kaunti ndogo, jina la wadi ni ngazi ya tatu. Kwa hiyo ndani ya Nyatike utakuta Kachieng', Kanyasa, Kaler, Got Kachola, Muhuru na nyinginezo. Ndani ya Suba Kaskazini utakuta Kisiwa cha Mfangano, Kisiwa cha Rusinga, Kasgunga, Gembe na Lambwe. Mtu wa Mfangano akifungua orodha ya yaliyomo anaiona wadi yake kwa jina, anaigusa, amefika.

Usiruke ngazi. Usitoke ya kwanza ukaenda ya tatu kwa sababu tu umependa ukubwa wa herufi zake. Na usitumie mtindo wa kichwa kukoleza sentensi muhimu katikati ya aya, maana sentensi hiyo nzima itajitokeza kwenye orodha ya yaliyomo kama mgeni asiyealikwa.

Katika Microsoft Word, weka kishale kwenye mstari wa kichwa. Si lazima uteue maneno yote. Kisha kwenye utepe wa juu uliofunguliwa katika "Home", tafuta kisanduku cha "Styles" na ubofye "Heading 1", "Heading 2" au "Heading 3" inavyostahili. Anayependa kibodi ashikilie Ctrl na Alt kwa pamoja halafu abonyeze 1, 2 au 3. Ndiyo njia ninayoitumia. Ukishazoea, unapita waraka wa kurasa mia moja kwa muda wa kunywa kikombe cha chai.

Vichwa vitageuka rangi ya samawati, na hapo wakubwa wengi huguna. "Hii rangi ni ya nini? Rudisha nyeusi." Karani naye anaondoa mtindo wote ili arudishe weusi, na kazi imeharibika. Hakuna haja. Kipe kichwa kimoja sura unayoitaka: rangi nyeusi, herufi unazozipenda, ukubwa unaokufaa. Kikiwa bado kimeteuliwa, nenda kwenye "Heading 1" katika kisanduku cha "Styles", bofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague "Update Heading 1 to Match Selection". Vichwa vyote vya ngazi hiyo vitabadilika mara moja, na uandikisho wao kwenye daftari la kompyuta unabaki salama.

Kabla ya kuendelea, kagua. Bofya "View", uweke alama kwenye "Navigation Pane". Upande wa kushoto utaona vichwa vyote vimepangwa kwa ngazi. Kilichokosekana hapo hakikuandikishwa. Ukiona pengo tupu, ujue ulibonyeza Enter huku mtindo wa kichwa ukiwa umewashwa, na mstari ule mtupu umehesabiwa kuwa kichwa. Urudishe kuwa "Normal".

Kuweka orodha yenyewe

Weka kishale mahali unapotaka orodha ikae, kwa kawaida baada ya jalada. Bonyeza Ctrl pamoja na Enter ili upate ukurasa mpya. Kama hujaweka nambari za kurasa, ziweke sasa kwa "Insert" kisha "Page Number".

Bofya "References" kwenye utepe wa juu, kisha "Table of Contents" pembeni kushoto. Utaonyeshwa chaguo tatu. Chukua "Automatic Table 1" au "Automatic Table 2". Ile ya tatu, "Manual Table", iache kabisa. Inavutia kwa sura, lakini ni nafasi tupu za kujaza kwa mkono, yaani ni kosa langu la siku ile limewekewa kitufe chake.

Orodha itatokea papo hapo ikiwa na vichwa vya ngazi tatu, nukta na nambari za kurasa. Juu yake pana kichwa cha Kiingereza. Kibofye, ukifute, uandike "Yaliyomo". Ukiwa ndani ya Word, shikilia Ctrl ndipo ubofye mstari wa orodha, nawe utapelekwa kwenye sehemu hiyo. Bila Ctrl hutakwenda popote, kwa sababu programu inadhani unataka kuhariri.

Si kila mtu ana Word ya halali, na hakuna sababu ya kutumia nakala ya wizi yenye virusi wakati kuna LibreOffice, ambayo ni ya bure kabisa na haidai kompyuta ya bei. Programu yake ya kuandikia inaitwa Writer. Humo, vichwa huandikishwa kwa Ctrl na 1, Ctrl na 2, Ctrl na 3, bila Alt. Orodha huwekwa kwa kubofya "Insert", halafu "Table of Contents and Index", halafu mstari wa kwanza unaotaja "Table of Contents", kisha "OK". Nayo pia ndani ya Writer unaifuata kwa kushikilia Ctrl na kubofya.

Nigeuke pembeni kidogo. Mtu akikuambia kwamba kompyuta haijui Kiswahili, mwambie kwamba mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi za bure zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. LibreOffice imetokana na ukoo huohuo wa OpenOffice. Nataja vitufe kwa Kiingereza katika somo hili kwa sababu tu ndivyo vilivyo kwenye kompyuta nyingi za saiba zetu.

Wanaotumia Google Docs wanahitaji anwani ya Gmail na intaneti. Ukiwa kwenye kompyuta, kisanduku chenye maneno "Normal text" juu ya waraka ndicho chenye mitindo ya vichwa. Orodha huwekwa kwa "Insert" kisha "Table of contents". Ina aina yenye nambari za kurasa na aina yenye viungo bila nambari. Kwa waraka utakaochapishwa kwenye karatasi chukua yenye nambari, maana karatasi haibofyeki.

Kusasisha: hatua inayosahaulika

Orodha hii haijisasishi kila sekunde. Ukiongeza ramani mbili na jedwali, nambari za zamani zitabaki mpaka uiambie. Ningekuwa najua jambo hili siku ile, mzee angeuliza swali lake.

Katika Word, bofya ndani ya orodha, kisha ubonyeze F9, au ubofye "Update Table" panapotokea juu yake. Utaulizwa kama unataka kusasisha nambari za kurasa pekee au orodha nzima. Chagua orodha nzima, "Update entire table". Ukichagua nambari pekee, kichwa ulichokibadilisha maneno kitabaki na maneno ya zamani. Katika Writer, bofya orodha kwa kitufe cha kulia, uchague "Update Index". Katika Google Docs kuna alama ya mshale wa mviringo kando ya orodha.

Kuna ujumbe mmoja ambao nimeuona hata kwenye nyaraka zilizokwisha kuchapishwa na kufungwa jalada: badala ya nambari ya ukurasa pameandikwa "Error! Bookmark not defined." Maana yake ni kwamba kichwa kilichokuwa kikielekezwa kimefutwa au kimebadilishwa na orodha haijaambiwa. Sasisha orodha nzima, ujumbe utaondoka. Zoea kusasisha kuwa jambo la mwisho kabisa kabla ya kutuma, baada ya mkubwa wa mwisho kuongeza neno lake la mwisho.

Usirekebishe nambari kwa mkono ndani ya orodha. Mabadiliko yako yatafutwa mara tu mtu atakapoisasisha.

PDF, mihuri na skana

Waraka unaokwenda kwa umma hutumwa kama PDF, na hapa ndipo kazi nzuri nyingi hupotea.

Katika Word, fuata "File", "Save As", kisha chagua aina ya faili kuwa PDF. Kabla ya kuhifadhi, fungua "Options" uweke alama kwenye "Create bookmarks using" na "Headings". Hiyo itampa msomaji orodha ya pembeni pia. Hapohapo kuna alama inayoitwa "Document structure tags for accessibility". Iwashe. Mtu asiyeona anayetumia simu inayomsomea maandishi kwa sauti husaidiwa sana na alama hizi, na bila hizo anaweza kulazimika kusikiliza waraka wote tangu mwanzo. Katika Writer fuata "File", "Export As", "Export as PDF". Katika Google Docs ni "File", "Download", "PDF Document".

Usipitie njia ya kuchapa, ile ya kubofya "Print" na kuchagua "Microsoft Print to PDF". Faili litatokea, litaonekana sawasawa, lakini viungo vyote vitakuwa vimekufa. Linakuwa picha ya karatasi.

Njia nyingine ya kuua viungo ni mapenzi yetu kwa muhuri. Waraka unaandaliwa vizuri kwenye kompyuta. Unachapishwa kurasa 200. Mkubwa anatia sahihi ukurasa wa pili na muhuri unagongwa. Kisha kurasa zote 200 zinapitishwa kwenye skana, na faili linalotoka ndilo linalotumwa kwa wananchi: zito, limeinama upande mmoja, halitafutiki neno, halibofyeki. Nimelifanya hili mwenyewe mara nyingi, kwa hiyo sisemi kwa kunyooshea mtu kidole. Dawa yake ni kuskani ukurasa mmoja tu, ule wenye sahihi, kuuingiza kama picha mahali pake ndani ya waraka wa Word, kusasisha orodha, ndipo kuhifadhi PDF. Nakala ya karatasi yenye wino ibaki kwenye faili la ofisi.

Kwa vikundi vinavyoomba zabuni

Kikundi cha vijana, cha wanawake au cha watu wenye ulemavu kinachowania ile asilimia 30 ya ununuzi wa serikali iliyotengwa kwao kina sababu yake ya kusoma somo hili. Chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015, matangazo ya zabuni huwataka waombaji waweke nambari mfululizo kwenye kurasa zote za maombi yao. Kurasa zote maana yake ni pamoja na viambatisho: cheti cha usajili, cheti cha kutii kodi kutoka KRA, barua za benki.

Vyeti hivyo vikiambatishwa kama mafaili tofauti, havimo katika hesabu ya kurasa za Word, na ndipo watu huanza kuandika nambari kwa kalamu saa chache kabla ya zabuni kufungwa. Fanya hivi. Mwishoni mwa waraka fungua ukurasa mpya kwa kila cheti. Andika kichwa, kwa mfano "Kiambatisho cha 3: Cheti cha Kutii Kodi", ukiandikishe kuwa "Heading 1". Chini yake ingiza picha ya cheti kwa "Insert", "Pictures", uikuze ijae ukurasa bila kufunika nambari ya chini. Nambari zitaendelea zenyewe mpaka mwisho, na kiambatisho kitatokea kwenye orodha ya yaliyomo. Anayekagua maombi mengi kwa siku moja atakipata cheti chako bila kupekua.

Lakini soma masharti ya zabuni yako kwanza. Mengine hudai fomu zijazwe kama zilivyo, bila kubadilisha mpangilio wake, na hapo masharti ndiyo yanayofuatwa.

Ijaribu kwenye simu

Usiamini kompyuta uliyoandikia. Jitumie PDF kwa WhatsApp, uifungue kwenye simu ya kawaida, uguse mistari mitatu ya orodha: mmoja wa mwanzo, mmoja wa katikati, mmoja wa mwisho. Kila mmoja ukufikishe kwenye kichwa chake, na nambari iliyoandikwa kwenye orodha ilingane na nambari iliyoko chini ya ukurasa uliofikia. Ukigusa na hakuna kinachotokea, huenda ni kisomaji cha simu hiyo hakifuati viungo, kwa hiyo fungua faili lilelile kwa programu nyingine ya PDF. Kama huko nako ni kimya, faili lilitoka kwa njia ya kuchapa au ya skana. Rudi kwenye waraka wa Word ulihifadhi upya.

Kisha mpe simu mtu ambaye hakuuona waraka ukiandaliwa, mlinzi wa lango au mama anayeleta chai ofisini, umwombe atafute wadi yake. Kaa kimya, uhesabu sekunde.

Mwaka uliofuata nilimpa yule mzee simu yangu kabla kikao hakijaanza. Aliigusa mara moja, akasoma kwa muda, akanirudishia. "Kisima chenyewe hakimo humu," akasema, akaenda kuketi safu ya mbele.